Kontrola ya upepo ya MPPT, volti 24: maoni yangu baada ya kuitumia Moroto kiangazi kizima

Nianze na jibu, manake najua wengi wanataka kujua tu kama hii kitu inafaa pesa yake. Inafaa. Naipa nyota 4 kwa 5, ila inamfaa mtu atakayekaa chini na kuijazia mwenyewe jedwali la volteji na wati, kwa sababu ukiitoa kwenye boksi ukaifunga ukutani na kuiacha kwenye ile setingi ya otomatiki iliyotoka nayo kiwandani, utaona turbini inazunguka vizuri machoni lakini betri haipandi, halafu utamlaumu aliyekuuzia turbini wakati turbini haina kosa lolote.

Ni chaji kontrola ya turbini ya upepo, yaani kifaa kinachosimamia stima kutoka turbini kwenda betri, imetengenezwa China, mbele imeandikwa MPPT kwa herufi kubwa, maana yake inatafuta kila wakati pointi inayotoa wati nyingi zaidi, ina skrini ndogo na blututhi ya kuunganisha na simu. Nilinunua Kampala kwenye duka la vifaa vya sola, shilingi 850,000 baada ya kuvutana bei, ikapanda basi mpaka Moroto ikafika salama. Turbini yenyewe ni ya mapanga matatu, kipenyo mita 3, altaneta (jenereta) ya sumaku inayotoa waya tatu, kwenye lebo yake wameandika kilowati 1 kwa upepo wa mita 12 kwa sekunde. Iko juu ya nguzo ya mita 12 upande wa Rupa, nje kidogo ya Moroto mjini, na kazi yake ni kusaidia betri za duka: kuchaji simu za watu, mashine za kinyozi, taa, na friji moja ya soda. Sola nayo ipo lakini sola inalala jua likizama na friji hailali.

Sasa upepo wenyewe, manake bila kuelewa upepo wetu huwezi kuelewa kwa nini napiga kelele hivi kuhusu kontrola. Sehemu kubwa ya Uganda upepo ni mdogo, mita 3 au 4 kwa sekunde hivi, huku Karamoja, kaskazini mashariki, ndo tuna afadhali hasa kiangazi, Desemba mpaka Machi. Watu wakiona picha za kule ng'ambo ya mpaka, Loiyangalani kwa Wakenya, turbini 365 za kilowati 850 kila moja, jumla megawati 310, wanafikiri na sisi tukisimamisha chuma tu basi stima inamwagika. Kule upepo wa wastani ni karibu mita 11 kwa sekunde. Na nguvu ya upepo haipandi moja kwa moja, inapanda spidi mara spidi mara spidi tena, kwa hiyo upepo ukiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nane, na ukilinganisha mita 11 na mita 4 tofauti ni zaidi ya mara 20. Mara ishirini! Halafu Moroto tuko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi. Zile hesabu za kiwandani zinapigwa kwa hewa ya kilo 1.225 kwa mita ya ujazo, ya usawa wa bahari na nyuzi 15, lakini huku na joto letu la mchana unapata kama kilo 1 tu. Karibu moja ya tano imeondoka hata kabla hujafunga skrubu ya kwanza.

Kwa mapanga ya mita 3 na upepo wa mita 4, hewa yote inayopita hapo ina kama wati 226. Mjerumani mmoja, Albert Betz, alishaonyesha zaidi ya miaka 100 iliyopita kwamba huwezi kutoa zaidi ya asilimia 59.3 ya hiyo nguvu hata ukiwa na turbini ya namna gani, kwa sababu hewa lazima iendelee kupita, ukiisimamisha yote hakuna inayokuja nyuma. Turbini ndogo kama zetu, ukijumlisha hasara za altaneta na waya, unapata asilimia 30 na ushukuru. Hiyo ni wati 65 au 70. Basi. Hakuna pa kuchezea, kila wati ina jina la mtu, na hapo ndo kontrola inapoingia, manake hiyo asilimia 30 unaipata tu kama mapanga yanazunguka kwa spidi inayolingana na upepo wa wakati huo.

Mapanga ya aina hii yanataka ncha yake ikimbie kama mara 7 ya spidi ya upepo. Yakienda polepole sana upepo unapita katikati bila kukamatwa vizuri, na panga lenyewe linakaba hewa, linapoteza nguvu ya kuinua. Yakienda haraka sana yanakuwa kama ukuta, upepo unayakwepa. Kwa turbini yangu hiyo ina maana mizunguko kama 180 kwa dakika upepo ukiwa mita 4, mizunguko 220 ukiwa mita 5, na karibu 450 ukifika mita 10. Yaani spidi nzuri haisimami sehemu moja, inapanda na kushuka na upepo, na upepo wa huku unabadilika kila dakika.

Kabla ya hii kontrola nilikuwa na mfumo wa kawaida wanaokuuzia wengi: rektifaya inayogeuza stima ya altaneta iweze kuingia kwenye betri, betri zenyewe, na rilei (swichi inayojiwasha) inayopeleka stima kwenye hita betri zikijaa. Shida ya huo mfumo ni kwamba betri ndo inaamua spidi. Altaneta yangu inafika volti 26 kwenye mizunguko kama 220, chini ya hapo hakuna kitu kinachoingia kwenye betri hata kama mapanga yanazunguka usiku kucha, na juu ya hapo betri inaishika altaneta isipande, upepo wa mita 8 unakuja mapanga yanataka mizunguko zaidi ya 350 lakini yameshikwa kwenye 250 hivi, yanaanza kukaba hewa, stima nyingi inapotea palepale. Ni sawa na boda iliyokwama gia ya tatu, mlimani inazima na kwenye lami inalia tu bila kwenda.

Hii kontrola inakaa katikati na kubadilisha volteji kwenda juu na chini, kwa hiyo turbini inaweza kuwa kwenye volti 15 wakati betri iko 26 na bado inachaji, au turbini iko 40 na betri iko 26 na hakuna anayemshika mwenzake. Hicho peke yake ndo kitu nilicholipia na kwa hicho sina lawama. Swali linabaki: kontrola inajuaje spidi nzuri ni ipi saa hii? Hapo ndo kontrola zinatofautiana na hapo ndo wauzaji wengi hawajui chochote. Nilipomuuliza kijana wa dukani inatumia njia gani kutafuta kilele, akaniambia MPPT ni MPPT mzee, ya sola na ya upepo ni kitu kimoja. Si kitu kimoja hata kidogo.

Hii ina modi tatu. Ya kwanza, ambayo ndo inakuja nayo, ni otomatiki: inaongeza mkondo kidogo, inaangalia wati, zikipanda inaongeza tena, zikishuka inarudi nyuma, inaendelea hivyo hivyo kutafuta kilele. Kwa paneli za sola hii njia ni nzuri sana kwa sababu paneli haina uzito unaozunguka, ukigusa mkondo jibu linakuja hapohapo. Turbini je? Mapanga yana uzito na ule uzito ukizunguka umebeba nguvu ndani yake. Kontrola ikiongeza mkondo, wati zinapanda kweli, lakini zinapanda kwa sababu mapanga yanapunguzwa spidi na ile nguvu yake ya mzunguko inanyonywa, sio kwa sababu upepo umetoa zaidi. Kontrola inaona wati zimepanda, inafurahi, inaongeza tena, mapanga yanazidi kupungua, na baada ya sekunde kadhaa yameshakaba hewa na volteji inaanguka chini kabisa. Halafu inaachia, yanaanza kupanda upya, na mchezo unarudi mwanzo. Unaweza hata kusikia kwa sikio ukisimama chini ya nguzo, ile sauti ya kufyeka inageuka kuwa mngurumo mzito halafu inakufa.

Kuna jambo lingine ni upepo wenyewe, ukiongezeka wakati kontrola inapima, inafikiri hatua yake ndo imeleta faida. Na upepo wa hapa ukishapita Mlima Moroto unakuja umevunjikavunjika, unapiga kwa mafungu, kwa hiyo otomatiki inadanganyika mchana kutwa. Niseme ukweli, usiku ule upepo ukitulia ukawa wa aina moja kwa masaa, otomatiki inafanya kazi vizuri tu, kilele inakipata. Mtu aliye kisiwani Kalangala, upepo wa ziwa uliotulia, anaweza kuipenda kuliko mimi.

Modi ya pili inataka anemomita, yaani kipima upepo, sehemu yake ya kuchomeka ipo pembeni. Inapima upepo halafu inahesabu mapanga yazunguke vipi ili ncha ibaki kwenye ile mara 7. Kwa karatasi ndo njia iliyonyooka kuliko zote, lakini kwa turbini ndogo mimi siipendekezi. Anemomita ukiiweka karibu na mapanga inapima upepo uliokwishavurugwa na mapanga, ukiiweka mbali inapima upepo ambao haujafika au umeshapita, na ikiharibika au ikijaa vumbi kontrola nzima inapotea njia. Bei yake pia si ya mchezo.

Modi ya tatu ndo ninayotumia na ndo inayoipa hii kitu nyota zake: jedwali. Unaiambia wewe mwenyewe, volteji ya turbini ikiwa hivi chukua wati hizi. Msingi wake ni rahisi na ndo huohuo unaotumika kwenye mitambo mikubwa, kule kompyuta inaikaza altaneta kwa kipimo cha spidi mara spidi bila kusubiri mtu apime upepo, na upepo ukizidi uwezo wa mashine basi mapanga yanageuzwa pembe yamwage upepo wa ziada. Turbini yangu haiwezi kugeuza mapanga, ina mkia unaojikunja tu, lakini ile nusu ya kwanza ya kazi inawezekana kabisa. Kama mapanga yako kwenye uwiano mzuri, nguvu inaenda na spidi ya mzunguko mara yenyewe mara yenyewe, na volteji ya altaneta inaenda na spidi. Kwa hiyo ukipata pointi moja nzuri, zingine unazipata kwa kikokotoo cha simu.

Yangu niliipata jioni moja upepo umetulia. Niliweka wati kidogo, nikaangalia volteji inasimama wapi, nikaongeza kidogokidogo, na kila hatua nikaiacha dakika kadhaa kabla ya kuamini, manake ile nguvu ya uzito unaozunguka lazima iishe kwanza ndo ujue upepo unatoa nini kweli. Kilele kikawa kwenye volti 26, wati 130. Kutoka hapo hesabu inatoa volti 15 wati 25, volti 20 wati 59, volti 32 wati 242, volti 40 wati 473. Nikapunguza kidogo zile za juu kwa sababu mkondo ukiwa mkubwa volteji inashuka ndani ya waya za altaneta yenyewe na kontrola inafikiri mapanga yako polepole kuliko yalivyo, na kule chini nikaiambia isichukue chochote kabla ya volti 13 ili mapanga yapate nafasi ya kuanza. Jedwali linakubali pointi 16, mimi sijajaza hata nusu na inatosha, katikati ya pointi kontrola inajikadiria yenyewe.

Tofauti? Usiku wa upepo mdogo, wa mita 3 hivi, ambao zamani ulikuwa sifuri kamili, sasa naamka nakuta wati-saa karibu 300 kwenye skrini. Si nyingi kwa mtu wa Kampala lakini kwa friji ndogo na taa hiyo ni kitu cha kuonekana, betri asubuhi hazijachoka na jua likitoka zinajaa mapema. Mchana wa upepo mkali faida ipo pia ila mimi nasema kweli moyo wangu uko kwenye ule upepo mdogo, manake ndo upepo tulio nao masaa mengi. Skrini inazidisha kidogo ukilinganisha na klampu mita yangu ya kupimia mkondo, si tofauti ya kugombania, ila usipigie hesabu za biashara namba za skrini peke yake.

Sasa yale ambayo sikupenda. Hita ya kumwagia stima ya ziada iliyokuja kwenye boksi ni ndogo mno kwa turbini ya kilowati, inapata moto mpaka rangi inaungua. Niliagiza nyingine kwa mafundi wa Katwe kule Kampala, wale jamaa ukiwapa vipimo wanatengeneza kitu kizito cha kudumu, na hiyo ndo ninayotumia. Hili si jambo la kupuuza ndugu zangu. Turbini si paneli. Paneli ukiikata kwenye betri inakaa tu juani haina neno, turbini ukiiachia bila mzigo, yaani bila kitu cha kuchukua stima yake, kwenye upepo mkali inakimbia, kwa yangu upepo wa mita 12 bila mzigo unaweza kufikisha mizunguko 700 na zaidi na volti 90, na hii kontrola mwisho wake ni volti 100. Kwa hiyo asikwambie mtu ufunge turbini kwenye kontrola ya sola, hata ikiwa nzuri vipi, siku betri zikijaa itakata na siku hiyohiyo utakuwa umepoteza kontrola na pengine mapanga pia. Kwa upande huu niisifu, ina swichi ya breki inayounganisha zile waya tatu pamoja, mapanga yanashikwa yanazunguka polepole tu, na breki hiyo inafanya kazi hata kontrola ikiwa imezimwa. Ishike upepo ukiwa umepungua lakini, sio katikati ya dhoruba, manake mkondo unaopita hapo unaweza kuunguza altaneta.

Kitabu cha maelekezo ni Kichina na Kiingereza kilichotafsiriwa vibaya, sehemu ya jedwali ni nusu ukurasa na haisemi kwamba volteji ni ya upande wa turbini, mtu anaweza kujaza volteji za betri na kushangaa. Skrubu za kufungia waya ni laini, tumia bisibisi inayokaa sawasawa. Programu ya simu inakata blututhi ukisogea nje ya ukuta mmoja. Na waya, hii si kosa la kontrola lakini niseme, volti 24 inabeba mkondo mkubwa, kilowati 1 ni zaidi ya ampea 40, ukiweka waya mwembamba kati ya kontrola na betri faida yote ya jedwali inaishia kupasha waya moto.

Nani anunue? Kama nguzo yako ni ya mita 6 na una shilingi laki 8 mkononi, ongeza nguzo kwanza. Kwenye eneo la wazi kutoka mita 6 kwenda 12 upepo unaongezeka kama asilimia 10, na kwa ile hesabu ya spidi mara tatu hiyo ni karibu theluthi moja ya stima zaidi, kila siku, bila jedwali wala programu. Kama uko Wakiso au Mukono katikati ya miembe na maghorofa, acha upepo kabisa ununue paneli, jua letu linatoa kama kilowati-saa 5 kwa mita ya mraba kwa siku na halihitaji mtu kupanda juu kukaza bolti. Lakini uliye Karamoja, au kwenye kilima cha wazi, au ufukweni, na turbini tayari iko juu imefungwa moja kwa moja kwenye betri, hii kontrola itakupa stima ambayo tayari unaizungusha na huipati. Kabla hujalipa muombe muuzaji aiwashe akuonyeshe ukurasa wa jedwali kwa macho yako, kama hana au hajui anachoulizwa, tafuta nyingine.

Kitu cha mwisho ni feni. Ipo moja nyuma, inavuta hewa ya nje bila kichujio chochote, na vumbi letu la Januari linaingia mpaka kwenye bodi. Mimi nimefunga kipande cha wavu wa mbu mbele yake na ninakiosha kila wikiendi, na nimeshanunua feni mbili za akiba, ni za saizi ileile ya feni za kompyuta, ukienda Kampala chukua kabisa kwa sababu Moroto sijaziona.